Pengo la Boga

Msambweni, 9 Machi 1965

Dada Mwanaima, shikamoo.

Muhogo umeshika na mama hajambo.

Matajiri wa Mombasa wamekubali kutia fedha katika sinema ya kifo cha mumeo Alfani. Walipenda kuwa ni kisa cha kweli, ila mmoja aliniuliza, "Bwana mwandishi, muuaji asipopatikana, nani atakata tikiti?"

Nikawabunia muuaji: ndugu wa marehemu. Habari zikafika hapa.

Ijumaa shemeji yako Boga, ambaye siku ya mauaji alikuwa Wasini, aliingia msikitini. Safuni watu hugusana mabega. Kwake palibaki pengo kulia na kushoto. Nilikuwa nyuma yake. Sikusogea kuliziba.

Nje akaniambia, "Nassoro, wewe ndiwe mwandishi. Andika kwamba sikuwapo."

Nimeandika, dada. Nimekuandikia wewe tu.

Nduguyo,
Nassoro