Mji Alioutoa Mariamu

Elia, mume wangu mdogo, marahaba. Huku Ilongero alizeti imekomaa, na babu yako bado anagombana na redio.

Unasema kwenye mchezo wenu wa hadithi na dadu uliwatungia wenzako jitu lisiloshindika, wakafa wote mchezoni, na mmoja amesusa. Unaniuliza, ugumu unapimwaje?

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, wasichana tulitegeana vitendawili huku tukipura uwele. Nilikuwa hodari, sikufichi. Mariamu, mgeni kwetu, alishindwa kila nilipotega, nami kila mara nikamdai, "Nipe mji!" Akanipa Itigi, akanipa Dodoma, mpaka miji ikamwishia. Akasema polepole, "Basi chukua Issuna." Ndiko kwao walikohama.

Nikaona haya kuupokea. Nikatega, "Nyumba yangu haina mlango." Hata mtoto anajua ni yai.

Mariamu akakasirika. "Usinionee huruma. Tega kigumu."

Nikatega kigumu, ila cha mambo ya mifugo, maana kwao walikuwa wafugaji. Akafikiri mpaka tukamaliza rundo zima la uwele, akapata. "Nirudishie Issuna yangu," akasema, na ndiyo siku ya kwanza nilipomwona akicheka.

Nenda kwa huyo aliyesusa, mume wangu. Muulize kwanza alipoteza nini.

Bibi yako