Mabegi Mawili Msangano

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ihanda tuko salama. Kahawa imechumwa, na bibi yako bado anaiamini redio kuliko mimi. Umeniuliza kama uache kamera yako na lenzi zake, uhamie aina nyingine nyepesi ya kusafiria. Nani amekushauri? Kama ni muuzaji, msikilize kwa sikio moja.

Enzi zangu za kupiga picha, mfanyabiashara wa Tunduma aliniuzia kamera nyepesi. Aliisifia mno, nikamshuku. Basi nilipoitwa harusini Msangano nilibeba hiyo na ile ya zamani, kila moja na begi la lenzi zake, maana za huku haziingii kule. Shangazi wa bwana harusi akaniuliza, "Mpiga picha, umehamia kwetu?"

Bibi harusi alitoka mlangoni nikiwa bado nachagua begi la kufungua. Nikaambulia mgongo wake.

Yule muuzaji simwamini mpaka leo, ingawa kamera yake haikuwa na kosa. Wewe azima kwanza hiyo nyepesi, usafiri nayo mara moja. Asubuhi ya kuondoka, ukijikuta unaipakia na ya zamani, usinunue.

Babu yako