Matembele ya Majini

Jumatatu, 3 Februari
Nimekata matembele ya majini, mafungu kumi na mawili. Yanaota kwenye dimbwi nyuma ya nyumba, nimeyazungushia mawe. Yakifika kwenye jaruba, mpunga umekwisha.

Kolumba, kaka wa marehemu mke wangu, amekuja. Chai hakumaliza. "Shemeji, arobaini imepita. Jaruba usipande. Linarudi kwa ukoo." Ukoo! Tumbo lake hilo. Miaka kumi na tisa nimelima pale.

Alhamisi, 6 Februari
Sijala. Binti yangu Anna ananibembeleza, nimemfokea bure. Kumbe mimi bado mtu wa kuja. Kutoka Singida nilikuja na jembe, nitaondoka na jembe. Kolumba nitamkomesha.

Jumamosi, 8 Februari
Nimefanya. Asubuhi wote wakiwa kwenye sala ya jumuiya. Nimekata vikonyo vya matembele, kila kimoja na fundo lake, nikavikanyagia matopeni kwa kisigino. Jaruba zima, kona hadi kona. Mgongo unauma. Roho kwatu.

Jumapili, 2 Machi
Mvua haijakatika wiki nzima. Nimepita juu ya tuta kuangalia. Kijani kitupu, maji hayaonekani. Nimecheka peke yangu. Apande sasa.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa, kikao cha ukoo. Nimeitwa. Nimekwenda nikitaka kuiona sura ya Kolumba akikabidhiwa magugu.

Kolumba kasimama. "Jaruba la dada yangu ni la mwanawe. Anna. Nimetaka ukoo wote usikie, kesho asije mtu akamsumbua."

Kwetu mtoto ni wa baba. Nilimhesabu Anna mgeni kama mimi. Hapa Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni yake. Miaka kumi na tisa nimekula kwa watu hawa, hilo sikulitia akilini. Mpumbavu mimi.

Anna alilia kwa furaha, akanishika mkono. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumanne, 11 Machi
Tunang'oa tangu asubuhi. Yanakatika, kila kipande kinachobaki kinachipua. Kolumba kaja na mkewe, wakaingia matopeni bila kuitwa.

Anna kaniuliza yameingiaje. Nimemwambia ni maji ya mvua.

Ameniamini. Kesho tunaanza upande wa mfereji.