Watu Wote Waitike Amina

Jumatatu, 3 Machi 2025

Redempta, andika kama ninavyosema, usinirekebishe. Mwanangu kaoa mwalimu wa kunirekebisha mimi mkwe wake. Hilo nalo andika.

Felisiani amehamisha mpaka. Mdogo wa marehemu mume wangu Adriano – shemeji niliyempikia tangu hajaota ndevu. Ile mikonge ya mpakani aliyoipanda Adriano kwa mkono wake, mwaka ule, mwaka gani ule, ule wa viwavi – kaing'oa. Kaipanda hatua nne ndani ya shamba langu. Halafu pale katikati kapiga ntumba saba, yale matuta yetu ya duara, nyasi kafukia chini, juu maharage. Ukipita leo hapa kijijini Mollo unaona matuta tu, kama yamekuwepo siku zote. Ana akili huyo. Akili ya fuko.

Nikaenda ofisi ya kijiji kulalamika. Kijana wa mezani ananiuliza, bibi, hati iko wapi? Hati. Mikonge ndiyo ilikuwa hati.

Jioni Redempta kanisomea Biblia ya Adriano. Kumbe habari yangu imo! Alaaniwe anayesogeza mpaka wa jirani yake, na watu wote waitike Amina. Nikasema rudia. Karudia. Wale watu wa kale, na mbuzi zao na ngano zao, walimjua Felisiani kabla mama yake hajamzaa. Na hakuna mahali Mungu kauliza hati.

Nimeweka unyoya wa kuku hapo. Kusoma sijui, unyoya naujua.

Sala ya jumuiya ni kwake Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Tutasomea pale. Aitikie laana yake kwa mdomo wake, uani kwake, mkewe anasikia.

Jumatano, 5 Machi 2025

Majivu nimepakwa. Hasira iko palepale.

Obed, mtoto wa Felisiani, yule wa bodaboda, kanikuta njia ya Majengo. Shikamoo mama mkubwa. Anasema Biblia ni mambo ya zamani, siku hizi mashamba yanapimwa kwa simu. Nikamwuliza, ikiisha chaji mpaka unakwenda wapi? Kacheka. Na mimi nikaropoka habari ya ile laana na Amina ya jumuiya. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Baada ya Njia ya Msalaba nikamwuliza katekista Beda, hivi laana inashika upesi, au inangoja msimu? Kanitazama weee. Akasema, mama Rozina, kitabu hichohicho kinasema adui yako akiwa na njaa mlishe, utampalia makaa ya moto kichwani.

Alitaka kunituliza. Kanipa silaha ya pili.

Redempta katafuta, tumeweka ganda la muhindi hapo. Mahubiri ya redioni siku zote samehe, tabasamu, kama vile mimi sijaibiwa. Kitabu hiki hakijifanyi. Kinajua nimeibiwa, kinajua naumwa na nini. Ndiyo maana nakisikiliza, na kiuno hiki kibovu.

Kesho naanza kumpikia.

Jumanne, 11 Machi 2025

Siku ya nne. Ugali wa ulezi, dagaa, maharage. Naweka mbele yake, nakaa, namwangalia kichwa. Anakula mpaka anafuta bakuli. Ahsante, shemeji. Basi.

Leo jasho lilimtoka. Redempta anasema ni pilipili. Yeye kila kitu ni pilipili.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Hellena, mke wa Felisiani, kaleta bakuli langu. Halikurudi tupu, hilo siwezi kumnyima. Majani mabichi ya maharage. Nayajua yalikochumwa. Kwenye zile ntumba saba.

Sasa ananicheka, au anasema nini mtu huyu? Nimemwuliza Redempta, kachukua majani kaanza kuyachambua.

Nimeyapika na karanga. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Tuko uani kwa Felisiani. Redempta anaandika magotini, watu wanadhani ni mahudhurio. Namnong'oneza.

Tumeimba. Katekista Beda kauliza nani ana somo. Kabla sijainua mkono, Felisiani kasimama. Kofia mkononi. Kasema shemeji ana somo. Kasema, Obed aliniambia siku nyingi. Someni lile la mpaka. Mimi nitakuwa wa kwanza kuitikia.

Kakaa. Hanitazami. Hellena kainamisha kichwa.

Wiki mbili nimeingoja hii. Biblia iko mapajani kwangu, wazi, penye unyoya. Redempta anauliza, mama, nisome?

Mkono wangu umelala juu ya ukurasa. Nauambia utoke. Hautoki.