Uyoga wa Nyuma ya Mwamba

Bonde la Ina, Jumapili, 25 Septemba 1994

Kwa dada yangu Pei-shan,

Hamjambo hapo Chiayi? Mimi mzima, ila nina mafua kidogo. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie nakula vizuri, na soksi alizonifumia nimeanza kuzivaa.

Uliuliza siku za mapumziko nafanya nini. Baba Hanaoka, mwenyeji niliyepangiwa na kampuni huku ugenini, hawezi kushinda ndani Jumapili, na akitoka hutoka nami. Mwezi wa saba tulivua samaki, mwezi wa nane tulioga kwenye chemchemi ya maji moto. Leo tulikwenda kutafuta uyoga wa misonobari, ambao huku unathaminiwa kuliko nyama. Mama Hanaoka alitukuta mlangoni tukivaa viatu.

"Unampeleka mtoto wa watu kule?"

"Nampeleka."

Akanigeukia mimi. "Mwaka wa thelathini na moja huu nampikia mzee uyoga wake, na mpaka leo sijui anautoa wapi. Wewe una miezi mitano tu. Umemlisha nini?"

Nilicheka, nikidhani ni utani.

Tuliacha pikapu kwenye kihekalu chenye sanamu mbili za mbweha, tukafuata kijito dakika arobaini mpaka daraja lililovunjika. Hapo ni kushoto, hatua mia mbili na kumi (nilihesabu), mpaka kwenye mwamba uliopasuka. Chini ya misonobari ya nyuma yake tulipata uyoga kumi na mmoja. Baba Hanaoka alifukia kila shimo na kulifunika kwa majani, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Mlima ni wa kijiji kizima na kila mwanakijiji anaruhusiwa kuchuma, kwa hiyo sikuelewa anaficha nini.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Yi-an


Chiayi, 2 Oktoba 1994

Kwa mdogo wangu Yi-an,

Barua imefika, nasi hatujambo. Mama anatembea mpaka sokoni, kisha analalamika mpaka nyumbani. Mafua yameisha?

Nilimsomea baba ile njia yako. Akasema, "Hii si barua, hii ni hati ya kupimia shamba." Nani anahesabu hatua kwenye matembezi? Ukiendelea hivi nitakuja huko nifike mwenyewe bila kuuliza mtu. Tangu utotoni unaogopa kukosea mpaka unachosha. Jumapili kula uyoga, pumzika.

Dada yako,
Pei-shan


Bonde la Ina, 11 Oktoba 1994

Kwa dada yangu,

Natumaini nyote wazima. Mimi mwili hauna neno, ila nimefanya kosa kubwa.

Unajua kampuni inatutaka sisi wageni tuandike ripoti kila Jumatatu: Jumapili tulikuwa wapi na wenyeji wetu, tulijifunza nini. Niliandika kila kitu kuhusu uyoga na kuambatanisha ramani, kwa sababu nilikuwa na nafasi na karatasi nzuri. Wiki iliyofuata msimamizi wetu, Bwana Nezu, ambaye ni wa kijiji hikihiki, aliingia ofisini na kikapu kilichojaa.

"Karani ni huyu," aliwaambia wenzangu, akinipiga bega. "Kwa ramani yake hata kipofu angefika."

Ndipo mwenzangu mmoja aliponieleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hapa kila mtu analijua tangu utotoni. Mlima ni wa wote, lakini kila nyumba ina mahali pake pa uyoga, na hapatajwi. Wapo wazee waliokufa bila kuwaambia hata watoto wao.

Juzi Jumapili tulikwenda tena. Njia nzima nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Nyuma ya mwamba udongo ulikuwa umechimbuliwa kama nguruwe pori wamepita, na mashimo yameachwa wazi. Baba Hanaoka alisimama kidogo. Kisha akasema, "Haya, turudi."

Mwezi ujao ataulizwa na kampuni kama ataendelea kukaa nami. Akikataa, nitarudishwa nyumbani. Hilo naliogopa. Lakini ninachoogopa zaidi ni jioni, tunapokaa mezani naye ananipakulia supu kama kawaida.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Yi-an


Chiayi, 17 Oktoba 1994

Kwa mdogo wangu,

Mama na baba hawajambo. Sijawasomea barua yako.

Mwambie. Usimwandikie, maandishi yako ndiyo yaliyokufikisha hapa. Nenda ukae naye, useme kwa mdomo. Kama atakufukuza, njoo, chumba chako kipo, nimeweka baiskeli tu.

Dada yako,
Pei-shan


Bonde la Ina, 31 Oktoba 1994

Kwa dada yangu Pei-shan,

Habari za siku nyingi? Baridi imeingia huku, na soksi za mama sasa navaa mbilimbili.

Jumapili mbili zilipita hatukutoka. Baba Hanaoka alishinda uani akinoa mundu usiohitaji kunolewa. Barua yako ilipofika nilikwenda nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia yote, ripoti na ramani.

"Najua," alisema, akiendelea kunoa. "Nezu hawezi kuona uyoga hata akiukalia. Na wewe siku ile ulikuwa unahesabu, midomo inacheza."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uje." Akajaribu makali kwa kidole. "Nilipokuwa na miaka tisa baba alinionyesha pa kwake. Kufika Jumatano darasa langu zima lilikuwa limeshachuma. Mwezi mzima hakunisemesha."

"Halafu?"

"Halafu akanionyesha pengine."

Jana tulitoka mapema. Tulipata uyoga saba, wa mwisho wa msimu, na safari hii mashimo niliyafunika mimi. Leo Bwana Nezu ameniita na ripoti yangu mkononi.

"'Nilitoka na Bwana Hanaoka. Hewa ilikuwa safi.' Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo, bwana."

"Ramani?"

"Sikuchora, bwana."

Nikarudi mezani kwangu.

Na wewe, dada, usiningoje nikuandikie njia. Jana tuliporudi Mama Hanaoka alipokea kikapu, akanivuta pembeni. "Haya, mwanangu, niambie mimi. Mlikuwa wapi?"

"Mlimani, mama."

Akanitazama, akamtazama mzee wake anayevua viatu, kisha akaenda kuosha mchele.

"Basi," alisema kutoka jikoni, "sasa ninao wawili."

Mdogo wako,
Yi-an