Siku Niliyofungwa Kamba Mbele ya Bwana Nassor

Jumamosi, Mfungo Nne. Mvua ya vuli imepiga tangu alfajiri, kisha ikaacha ghafla asubuhi, kana kwamba nayo ina skuli ya kuwahi. Moyo wangu mweupe. Nalisema mapema, nisije nikajifanya mnyenyekevu huko mbele.

Shajara, leo nimeshinda.

Sikushinda kwa elimu, maana elimu yangu inajulikana ilikotoka. Herufi nilizisoma kwenye makaratasi ya kufungia sukari dukani Konde, na hesabu nilifundishwa na mwenye duka yule yule, kwa njia ya kunipunja. Mtu kama mimi hapewi skuli ila pale ambapo mwenye cheti hataki kufika, na njia ya kutoka Konde kuja huku, ikishanyesha, hata punda huifikiria mara mbili.

Skuli yenyewe ni banda la karafuu. Mwenyewe ni Bwana Nassor, ambaye babu yake alitoka Arabuni, na ambaye mikarafuu yake inatutia kivuli pande zote. Alituazima banda mwaka ule mikarafuu ilipogoma. Mwaka huu imezaa mpaka matawi yanalia, na mvua imewahi kabla ya karafuu kukauka. Mtu mwenye karafuu mbichi na wingu juu ya kichwa hutaka paa, wala simlaumu. Mwanzo wa wiki alimtuma msimamizi wake, Faki, aniambie kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe kuona watoto wamejua nini. Akiona kitu, tutabaki. Asipoona, majamvi ya karafuu yaingie na watoto watoke.

Faki aliusema ujumbe huo macho yakiwa darini, anapima.

Nikabaki najiuliza nimwonyeshe nini. Kurani watoto wameisoma chuoni, na shehe wao angestahili sifa hiyo, si mimi. Kuandika hatuwezi: tangu Wazungu waingie vitani meli hazileti chaki, na kipande chetu cha mwisho tulikitumia hata kikawa kidogo kuliko punje ya mchele, ambao nao siku hizi tunapimiwa. Kilichobaki ni kinywa. Basi nikaazimia kuwafundisha maneno: maneno ndugu, yale yenye maana moja, na maneno mahasimu, yale yasiyokaa chungu kimoja.

Ndugu hawakunipa tabu. Watoto wa huku wamezaliwa nao. Nyoka ni nyoka mchana tu. Jua likizama anaitwa kamba, maana ukimtaja kwa jina lake ataitika. Sindano nayo usiku haitajwi, husemwa ile ya kushonea. Mtoto aliyelelewa hivyo hashangai kuambiwa kitu kimoja kina majina mawili. Nikisema rafiki, napewa sahibu na mwandani. Nikisema haraka, napewa upesi, na hima, na himahima, mpaka mimi ndiye niombe wasite.

Mahasimu ndio walioniumbua.

Nilisimama mbele yao nikasema: refu. Kimya. Nikasema: tamu. Kimya cha msikitini. Nikasema: mzima, nikajigonga kifua kuwasaidia, na hapo wengine wakainamisha vichwa kabisa. Siku mbili nzima nimewaona wajinga, na naliandika neno hili hapa kwa kuwa nililifikiri, si kwa kuwa ni kweli.

Siku ya tatu nikaacha kufundisha, nikatazama. Kutazama ndiyo kazi pekee niliyofuzu. Yuko mtoto mmoja, Mize, mmoja wa wasichana watatu tulio nao, mwembamba, macho ya mtu mzima. Bibi yake, Bi Time, huja naye kila siku akakaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka, kwa sababu, asemavyo, skuli ni kitu kigeni na kitu kigeni huangaliwa. Niliposema refu, nikaona mdomo wa Mize unafunguka. Kisha jicho lake likaenda mlangoni. Bi Time alivuta tu ukindu kwa nguvu zaidi. Mdomo ukafungwa.

Nikamwendea Bi Time nikamuuliza kwa adabu kama nimekosea mahali.

"Hujakosea, Mwalimu," akanijibu bila kuinua kichwa. "Lakini mkubwa akisema refu, mtoto aseme fupi? Akisema yu mzima, mtoto amwambie mgonjwa? Hapo sisi tutakuwa tumelea nini?"

Nikarudi mahali pangu nikakaa kwenye gunia. Kumbe jibu walikuwa nalo wote. Walikuwa wananistahi. Hakuna aibu kubwa kama kuwaita watu wajinga wakati wao wanakufichia jibu kwa adabu.

Sasa nifanyeje? Nikawaza ni wapi huku Pemba mdogo hupewa ruhusa ya kumchokoza mkubwa hadharani, na watu wakacheka badala ya kumchapa. Sikuwaza sana. Pahala hapo ni uwanja wa mchezo wa ng'ombe. Pale ng'ombe amefungwa kamba ndefu, vijana wanampungia nguo, wanawake wanaimba, na hata mzee wa heshima akianguka matopeni huimbiwa wimbo wake papo hapo wala hashitaki.

Basi nikachukua kamba ya makumbi ya nazi, nikajifunga kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo ya kati ya banda. Nikawaambia kuanzia hapo hapana mwalimu, pana ng'ombe. Mtoto atoke na nguo mkononi, ng'ombe atanguruma neno. Akirudishiwa hasimu wa neno lile, ng'ombe arudi hatua moja nyuma. Mtoto akikwama, ng'ombe anasogea mbele na mtoto anatoka uwanjani. Ng'ombe akifika nguzoni kwa mgongo, kashindwa.

Nguo ilikuwa tatizo, maana siku hizi nguo yenyewe haipatikani. Bi Time alinitazama kitambo, nimefungwa pale kama fahali aliyekonda, kisha akavua upande wa leso yake kuukuu aliojitanda mabegani, akaurusha ndani. Hakusema amekubali. Alisema tu usichanwe.

Shajara, sijui nieleze vipi kilichofuata. Wale watoto waliokuwa mawe wakawa pilipili. Refu, fupi. Njaa, shibe. Masika, kiangazi. Jasiri, mwoga, na aliyesema mwoga alinipungia leso puani kabisa. Nilipigizwa nguzoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mgongo wangu jioni ile ulikuwa na habari yake wenyewe.

Leo Jumamosi ikafika.

Nilipanga niwe nimevaa kanzu safi, nimesimama mlangoni, nimpokee Bwana Nassor kama wapokelewavyo watu wake. Lakini watoto waliomba mchezo mmoja kabla hajaja, nami ni dhaifu kwa kuombwa. Mvua iliyoacha ikamleta mapema. Nilikuwa nimeinama, kamba kiunoni, nanguruma, nilipoona miguu yenye makubadhi kizingitini. Nyuma yake Faki, na nyuma ya Faki wachukuzi na majamvi ya kuanikia karafuu vichwani. Na nyuma yao baba za watoto, waliokuja kuona mwisho wetu.

Bwana Nassor akatazama kamba, akaifuata kwa macho mpaka nguzoni, akarudi nayo mpaka kwangu.

"Mwalimu wenu kafungwa kwa kosa gani?"

Nikajieleza, bado nimefungwa, kwa sababu fundo la makumbi likiloa jasho halifunguki kwa kutakiwa. Nilieleza ndugu na mahasimu, nikaeleza ng'ombe. Faki wakati huo alikuwa keshamwonyesha mchukuzi wa kwanza pa kutua jamvi. Bwana Nassor akasikiliza mpaka mwisho, uso hauna kitu, kisha akamtaka Faki anifungue.

Nikajua tumekwisha.

Bwana Nassor akanyoosha mikono pembeni. "Haya, nifunge mie."

Faki alimfunga Bwana wake kiunoni, juu ya kanzu, kwa ncha za vidole. Nadhani katika maisha yake yote hakupata kushika kazi aliyoiogopa hivyo.

Watoto wakasita. Huyu hakuwa mimi. Huyu ni mtu ambaye akikohoa, kijiji kizima hujipiga vifua. Nikawatazama, nikawaambia jambo moja tu, kwamba uwanjani hapana Bwana. Alitoka Mize. Bi Time ukili ukamwangukia mapajani.

"Juu," akanguruma Bwana Nassor, na ananguruma vizuri, nakiri.

"Chini," akasema Mize, sauti kama ya panya. Lakini leso ilitikisika.

Ng'ombe akarudi hatua. Mbele, nyuma. Mchana, usiku. Werevu, ujinga. Sauti ya mtoto ikapanda, na baba za watoto mlangoni wakaanza kusukumana wapate kuona. Nikaona Bwana Nassor amekunja uso anatafuta neno zito, neno la heshima, neno linalomfaa mtu kama yeye. Akalipata, akavimba kifua.

"Karimu."

Ewe Mola. Katika maneno yote ya Kiswahili.

Hapa nieleze, ingawa kila mtu huku anajua. Bwana Nassor ni mwadilifu, ni mcha Mungu, na huhesabu mpaka kokwa za tende alizomlisha mgeni. Kijiji kizima kina jina la tabia hiyo, na hulitaja kila mahali isipokuwa mbele yake. Nikamwona baba mmoja ameshika fremu ya mlango. Mize akatazama kizingitini kwa bibi yake. Bi Time hakuvuta ukindu safari hii. Alikuwa anatazama chini, na mabega yake yanatikisika kidogo, na mimi nikahofu analia.

"Bahili," akasema Mize.

Bwana Nassor hakurudi hatua. Alisimama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka makutini, na niliyasikia yote.

"Na ndugu zake huyo," akauliza polepole, "ni nani?"

"Mchoyo," akasema Mize.

Hatua moja nyuma. Na hapo, Shajara, darasa langu likasahau kwamba ni zamu ya mtu mmoja. Mnyimivu, likatoka upande huu. Mkono mzito, likatoka upande ule. Na mtoto ambaye sitamtaja hata hapa akamalizia kwa furaha yote ya moyo wake: mkono wa birika. Kwa kila neno ng'ombe alirudi hatua, mpaka mgongo ukagonga nguzo, pu.

Kicheko chake kilianza kama kikohozi. Wachukuzi walidhani anaumwa, mmoja akatua jamvi ili amshike. Kisha kikafunguka, na yule mtu akacheka ameegemea nguzo, kilemba kimemwendea upande, machozi yanamtoka. Ndipo nikajua Bi Time naye hakuwa akilia.

"Tangu afe baba yangu," akasema alipopata pumzi, "hapana aliyenirudishia neno. Nikisema leo Jumatano, hawa wataihamisha Jumatano." Akamgeukia msimamizi wake. "Faki, mvua itarudi leo?"

"Itarudi, Bwana."

"Au hairudi?"

"Hairudi, Bwana."

Bwana Nassor akanitazama kama mtu anayemwonyesha mwenziwe kidonda. "Unaona ninaishi na nani?"

Majamvi yakatoka. Akaamuru yapelekwe barazani kwake. Wageni, alisema, watakaa baina ya karafuu, na wasiopenda hawatakula. Banda akaliacha skuli, mbele ya baba wote, kwa mwaka huu na kwa mwaka ujao. Halafu, akiwa tayari mlangoni, akasema Jumamosi ijayo atarudi, na atakuja na maneno aliyoyafikiri.

Nimesikia kuwa njiani Bi Time alimkanya Mize vikali sana asirudie tena kusema vile mbele ya watu wazima. Nimesikia pia kwamba kabla ya kufika kwao alisimama kwa jirani zake wote kuwaeleza, neno kwa neno, yale ambayo Mize asiyarudie.

Mimi nimekaa, nakunywa chai isiyo na sukari, najiona mkubwa kupita kiasi. Nimejaribu kujikanya nimeshindwa. Mtu kaja kutaka paa kaondoka na kicheko, na watoto waliokuwa wakinificha majibu kwa heshima sasa watanijibu nikitaka nisitake. Hili la pili nadhani nitalijutia kabla mwezi haujaandama.

Ila nitamtafutia maneno gani Jumamosi ijayo? Mzee yule atakesha anafikiri. Itabidi niwape watoto magumu zaidi, na niyatafute kwanza mimi mwenyewe, niliyesoma kwenye karatasi za sukari.

Kesho asubuhi mlango wa banda utakuwa wazi, na ndani patanuka watoto, si karafuu.