Kabaddi Bado Inahesabiwa kwa Kipunjabi

Jassi, Singasinga wangu,

Sauti imenikauka, ndiyo maana leo nakuandikia badala ya kuongea na picha yako kama nilivyozoea. Jana nilitangaza mchezo mzima wa kabaddi, kuvamia kwote na kukamatana kwote, kwa Kipunjabi, pointi ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi, Shabani fundi cherehani, mtoto wa Tanga! Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Tangu uondoke, maiki yako haikuwa na mwenyewe. Kamati ya klabu ikaamua pointi zisomwe kwa Kiingereza, eti watoto waliozaliwa hapa Joburg hawaelewi kingine. Nikakumbuka ulivyonishika mkono hospitalini: "Shabani, usikubali wahesabu kwa Kiingereza. Wakishazoea, basi tena." Nilikuitikia tu ili upumzike. Lakini niliposikia uamuzi ule nilikosa usingizi, nikamfuata mwenyekiti kuomba maiki. Akaitazama kofia yangu ya msikitini, akasema, "Eish, wewe? Haya, kipindi cha kwanza tu. Ukikosea, unashuka."

Hakujua ulivyonitesa miaka yote ile tulipokaa pamoja pembeni ya uwanja. Nilidhani mambo ni kama kwetu, ukijua ishirini na ukijua moja, unaweka "na" katikati, kazi imekwisha. Wapi! Kwenu kila namba hadi mia ina jina lake, ile ndogo inatangulia na kumezwa na kumi yake hata huoni palipoungwa. Ikki, ishirini na moja. Baai, ishirini na mbili. Zenye tisa tu ndizo zilizonionea huruma: unni, unatti, untaali, yaani kumi na tisa, ishirini na tisa, thelathini na tisa, kila moja inaitazama kumi inayokuja na kusema bado moja, kama sisi tunavyosema saa nne kasorobo. Nikajiona mjanja, nikaiita tisini na tisa "unsau", bado moja kufika sau, mia yenu. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye nyasi, kilemba kimekwenda upande. "Hiyo ina jina lake," ukasema, ukakataa kuniambia mpaka wiki iliyofuata.

Basi jana binti yako Simran alikuwa ubaoni na chaki, akiandika kwa tarakimu zenu. Ile moja yenu inayofanana na tisa yetu iliwachanganya wageni wa Soweto, wakafurahi kwamba wanaongoza mbali! Kipindi cha kwanza kikaisha, na hakuna aliyekuja kuninyang'anya maiki.

Cha pili kilikuwa moto. Dakika za mwisho tukafika thelathini na tisa kwa thelathini na tisa. Uwanja mzima ukanigeukia mimi, na kichwa changu cheupe kabisa. Nikavuta pumzi. "Untaali–untaali!" Wazee wakaitikia kwa kishindo. Ikaja chaali–chaali, arobaini kila upande. Kisha mvamizi wetu akachomoka mikononi mwa jitu lenye kifua cha friji, akajitupa mchangani na kuugusa mstari kwa ncha za vidole.

"Iktaali–chaali!" Arobaini na moja kwa arobaini! Nilipiga kelele mpaka spika zikalia, na filimbi ya mwisho ikafuata. Tumeshinda, Jassi! Nililia mbele ya watu na sikuona aibu.

Mama yako akaja taratibu, akanikumbatia pamoja na maiki yangu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Umeweza. Jassi mwenyewe alikuwa akikosea untaali." Kumbe! Miaka yote unanikaripia, na hilo hukuwahi kulitaja. Tutaonana, bwana wee.

Mwenyekiti ameniambia maiki ni yangu msimu mzima. Lakini kilichonimaliza ni Simran. Alinifuata nikikunja nyaya, vidole vyeupe kwa chaki, akasema, "Anko, mimi naishia kumi. Nifundishe zilizobaki."

Nisamehe, nilicheka tena huku machozi yananitoka. Nakuahidi hivi: nitamfundisha zote, moja moja, kwa ukali uleule wako, na siku atakapozimaliza atatangaza yeye.

Lala salama, ndugu yangu. Jumapili tunaanza na kumi na moja.

Shabani